Riwaya ndefu ikifanywa muvi: kipi wakikata tuna haki ya kulalamika, na kipi ni kelele zetu tu?

Msomaji_Mkesha
Wakuu salama? Kuna riwaya moja naipenda kupita maelezo, sitaitaja hapa maana nikiitaja tu uzi utageuka wa kubishania hiyo badala ya swali langu. Ina kurasa zaidi ya 800, inasimuliwa na watu watatu kwa zamu, na mmoja wao ni muongo ila hujui kama ni muongo mpaka umeshamwamini kwa nusu ya kitabu. Sasa imetangazwa inafanywa muvi. Muvi moja. Mimi nilifurahi kwanza alafu furaha ikaanza kupungua taratibu, maana nilianza kuhesabu vitu ambavyo haviwezi kuingia hata kwa dawa.

Rafiki yangu ambaye tulisoma wote anasema ni matusi, kitabu cha kurasa 800 hakikai ndani ya masaa mawili na nusu, kwa hiyo yeye ameshaichukia kabla hata ya trela. Mimi sijafika huko, ila nataka kujua kwa watu wanaofuatilia haya mambo: mnapimaje? Maana kila muvi ya kitabu ikitoka mashabiki tunalalamika, na siamini kila lalamiko lina uzito sawa. Kuna mtu analia kwa sababu rangi ya nywele imebadilika na kuna mtu analia kwa sababu mwisho umegeuzwa, wote wanaitwa mashabiki wasioridhika.

Fundi_Skripti
Mkuu swali zuri. Mimi naandika skripti ndogondogo, sio mtu mkubwa, ila hesabu ni ileile kwa kila mtu. Kwenye kazi hii ukurasa mmoja wa skripti unakadiriwa kuwa dakika moja ya picha. Muvi ya masaa mawili ni kurasa kama 120, na hizo kurasa zenyewe nusu ni nafasi nyeupe, maneno machache katikati. Sasa chukua zako 800 zilizojaa maandishi juu mpaka chini uzitie humo. Kwa hiyo ukiuliza "watakata?" umeshapoteza muda, watakata, tena sehemu kubwa kuliko itakayobaki.

Njia zenyewe sio nyingi. Wanang'oa tawi zima la hadithi. Au wanaunganisha watu wawili wanakuwa mmoja. Au wanabana muda, mambo ya miaka yanakuwa ya wiki. Gone with the Wind ya 1939 inakaribia masaa manne na bado Scarlett, mhusika mkuu, ambaye kitabuni ana watoto watatu kwenye muvi ana mmoja tu, wale wawili wa ndoa za kwanza hawapo, ni kama hawakuwahi kuzaliwa. Na watu wengi waliotazama wala hawajui kama kuna mtu katolewa. Kwenye The Lord of the Rings yule elf (kiumbe wa hadithi anayefanana na binadamu) anayekuja kumsaidia Frodo, yule mdogo anayebeba pete ya kuangamizwa, akiwa na kidonda kabla ya kivuko cha mto, kitabuni ni Glorfindel, kwenye muvi ya 2001 kazi yake kapewa Arwen. Ilikuwa hivyo kwa sababu Arwen kitabuni haonekani sana, alafu mwishoni unaambiwa ndo mke wa mfalme, na mtazamaji wa sinema hawezi kumpenda mtu ambaye hajamwona akifanya chochote.

Kipimo changu mimi ni kimoja: kitu hiki kikitoka, kuna kitu kingine mbele kinakosa sababu? Kama hakuna, acha kitoke hata kama unakipenda. Tom Bombadil, yule mzee wa ajabu wa msituni anayewapokea Frodo na wenzake njiani, katolewa na hadithi inasimama vilevile.

MkereketwaWaKurasa
Fundi hapo kwa Bombadil umenikanyaga, kaa tuongee.

Hadithi haisimami vilevile. Wale wadogo, yaani Frodo na wenzake wafupi, wakitoka kwa Bombadil ndo wanakamatwa kule kwenye vilima vya makaburi, na yeye ndo anawaokoa na kuwapa zile silaha za zamani, ambazo zilifuliwa na watu waliokuwa wanapigana na mfalme yuleyule mchawi wa Angmar. Alafu kitabu cha mwisho, Merry, mmoja wa wadogo hao, anamchoma nani? Huyohuyo. Na kitabu kinasema wazi silaha nyingine yoyote isingefanya kile ilichofanya ile. Yaani mtu alifua upanga karne na karne huko nyuma, ufalme wake ukaanguka, akafa bila kujua kama kazi yake itafaa kitu, na ukafika pale ulipotakiwa kufika mkononi mwa kijitu kifupi ambacho hakuna anayekihesabu. Kwenye muvi Aragorn, yule anayekuja kuwa mfalme, anawagawia panga tu njiani, chukua hii na wewe chukua hii, basi. Merry anachoma, jamaa anapiga goti, na hakuna anayekuambia kwa nini.

Kwa hiyo kwa kipimo chako mwenyewe Bombadil alikuwa na kitu mbele. Umeshindwa na sheria yako.

Fundi_Skripti
Daah. Ila angalia, waliotazama bila kusoma hakuna aliyesimama akauliza kwa nini upanga umefanya kazi. Wameona binti ambaye kakatazwa kwenda vitani na mdogo ambaye kakatazwa kwenda vitani wanamwangusha adui ambaye aliahidiwa hauawi na mwanaume. Sababu ipo, ni nyingine. Wewe umepoteza historia ya upanga, sinema imebaki na ya watu wawili waliodharauliwa. Mimi hiyo biashara naikubali.

MkereketwaWaKurasa
Unaikubali wewe kwa niaba ya nani?

Sawa, tuache upanga. Nikupe lalamiko ambalo huwezi kulipangua: kurudi nyumbani. Kitabuni wale wadogo wanne wanarudi kwao baada ya vita wanakuta kwao kumeharibiwa, miti imekatwa, watu wanaishi kwa woga chini ya amri za wahuni, na inabidi wapigane tena, bila mchawi bila mfalme, wenyewe. Kwenye muvi wanarudi nyumbani kuko vilevile kama walivyokuacha, wanakaa wanakunywa, wanaangaliana, hakuna anayejua walikotoka. Mimi nakubali ile picha ni nzuri, inasema kitu kuhusu mtu aliyetoka vitani. Ila inasema KITU KINGINE. Kitabu kinasema hakuna kwao pa mtu pasipofikiwa na vita. Muvi inasema kwao kulibaki salama ila wewe ndo umebadilika. Hapo hawajapunguza urefu, wamebadilisha jibu.

Msomaji_Mkesha
Mkereketwa hapo ndo panaponihusu. Kupunguza urefu na kubadilisha jibu. Hilo nalibeba.

Fundi_Skripti
Hilo nakupa, ni hasara ya kweli. Ila nikutetee upande wa pili kidogo: ile muvi ya tatu ilivyo watu walishalalamika haiishi, kila ukidhani imeisha inafunguka tena. Sasa waza baada ya pete kuungua unaanzisha vita nyingine upya. Kwenye kitabu unaweza kufunga ukalala ukaendelea kesho. Mtu aliyekaa kwenye kiti masaa matatu na dakika ishirini hivi, mwili wake tayari umeshaamua kuwa hadithi imeisha.

Bi_Mchanga
Jamani mbona wote mnaongelea matukio tu. Matukio ndo rahisi. Kigumu ni mawazo. Riwaya ndefu nyingi utamu wake uko ndani ya vichwa vya watu, na kamera haiingii kichwani.

Dune ndo mfano wangu siku zote. Kitabu cha 1965, na kila ukurasa mtu anasema kitu mdomoni na anawaza kingine moyoni, na wewe msomaji unasikia vyote viwili, ndo raha yenyewe. David Lynch alipoifanya muvi mwaka 1984 akajaribu kuwa mtiifu, akaweka yale mawazo kama sauti za kunong'ona juu ya picha. Matokeo yake mtu kasimama kimya anatazama mbele na sauti yake inatuambia anachoshangaa. Na yote hiyo imebanwa kwenye dakika 137, hadithi nzima, mwisho wake unakimbizwa kama wamefungiwa mlango nyuma. Ile haikuwa kukosa heshima kwa kitabu, heshima ilikuwepo tele. Shida ni walibeba maneno.

Alafu njoo kwa dairekta Villeneuve, aliyeifanya upya kwa muvi mbili, 2021 na 2024. Yeye minong'ono hana kabisa. Ile karamu ya chakula ambayo wasomaji tunaipenda sana, kila mtu mezani ana siri yake, haipo kabisa. Na kafanya kitu ambacho kwa sheria za wakereketwa ni dhambi (kama hujaona ruka hapa nisije nikatukanwa): Chani, mpenzi wa Paul ambaye ndo mhusika mkuu, kitabuni anamwamini Paul na anabaki naye mpaka mwisho. Kwenye muvi Chani ndo mwenye mashaka, ndo anayesema huyu anatutumia, na mwisho anaondoka kwa hasira. Ni mtu tofauti kabisa.

Lakini sasa jiulize Herbert, mwandishi wa Dune, alikuwa anataka nini. Mwenyewe alisema mara nyingi kuwa anaonya watu juu ya viongozi wanaoabudiwa, na wasomaji wengi hawakulisikia, walimshangilia Paul tu. Kitabu kilichofuata cha 1969 ndo kikaja kuonyesha bila kificho vita ya imani iliyopiganwa kwa jina la Paul ilileta nini. Mashaka yaliyokuwa yamejificha kwenye kichwa cha Paul mwenyewe, kwenye ndoto zake, muvi imeyatoa humo ikayavisha mtu anayeonekana na anayeongea. Kwa hiyo amemgeuza Chani ili asigeuze kitabu. Mimi nilitoka pale nimekasirika na nimeridhika kwa wakati mmoja, sijui kama mnanielewa.

MkereketwaWaKurasa
Nakuelewa na sikubaliani, ila umeeleza vizuri. Chani wa kitabuni alikuwa na busara yake, hakuwa mjinga aliyefuata tu. Saivi watu watasoma kitabu wakimtafuta yule wa muvi wamkose waseme mwandishi alidharau wanawake.

Bi_Mchanga
Hilo nalo kweli.

kipande_cha_pili
kwani shida iko wapi, wafanye sizoni. mambo ya kubana kitabu kwenye muvi yalikuwa ya zamani, saivi kuna majukwaa yanataka vitu virefu. Gabriel García Márquez alikataa maisha yake yote kuuza One Hundred Years of Solitude ifanywe sinema, amekufa 2014, desemba 2024 ikatoka kama tamthilia, kwa kihispania, imepigwa colombia kwao, na wanawe ni wasimamizi. epi 16 kwa jumla. hicho kitabu ungekibanaje kwenye masaa mawili na wale wote majina yanafanana. sizoni tu, uzi ufungwe

Fundi_Skripti
Uzi haufungwi haha.

Urefu unatibu ugonjwa mmoja tu, wa nafasi. Hautibu alichosema Bi Mchanga hapo juu. Na unaleta wake. The Hobbit ni kitabu cha kurasa kama 300, wakakivuta kuwa muvi tatu, 2012 mpaka 2014, jumla karibu masaa nane. Nafasi ilikuwepo ya kumwaga, na nini kikaingia? Watu ambao hawamo kitabuni, Tauriel na mapenzi yake na yule mbilikimo, vita isiyokwisha. Bilbo mwenyewe ambaye ndo kitabu, kuna sehemu unamsahau. Wale waliolia "mbona mmekata" kwenye The Lord of the Rings hapa walipata kinyume chake, na wakalia zaidi.

Na Game of Thrones? Sizoni nane, 2011 mpaka 2019, pesa ipo, muda upo. Sizoni za mwanzo zilipokuwa na kitabu cha kuegemea zilikuwa moto. Walipofika mahali vitabu vimeisha mwandishi hajamaliza, tunajua kilichotokea, watu zaidi ya milioni walisaini kutaka sizoni ya mwisho irudiwe. Kuna mmoja hapa alisaini, simtaji.

kipande_cha_pili
nilisaini na sijuti

Mzee_wa_Reli_Nne
Vijana mnasema sizoni kana kwamba ni jambo jipya. Warusi walifanya War and Peace kwa sehemu nne, 1966 na 1967, Sergei Bondarchuk kaongoza na yeye mwenyewe kaigiza Pierre, jumla yake karibu masaa saba, maelfu ya askari wa kweli wamevaa sare za zamani wanapigana vita ya Borodino. Ilipata Oscar ya filamu ya kigeni. Na hata masaa saba hayo, zile kurasa ndefu ambazo Tolstoy anahubiri kuhusu historia na nani hasa anayeiendesha, nyingi hazimo. Na mimi sikuzikosa, nisamehewe. Nilizisoma mara moja na nikazishukuru zilipoisha.

Nyuma zaidi, Erich von Stroheim mwaka 1924 na Greed. Alitaka riwaya iingie karibu yote. Toleo lake la kwanza lilikuwa masaa kama nane, lilionyeshwa kwa watu wachache tu, studio ikalikata likabaki masaa mawili na kidogo, na vipande vilivyokatwa vimepotea moja kwa moja. Mtu aliyekuwa mtiifu kuliko wote ndo kazi yake ilichanwa kuliko zote. Kwa hiyo huyo rafiki yako anayetaka kila ukurasa, mwambie aliyejaribu yupo.

Bi_Mchanga
Mzee asante kwa hiyo ya Greed, sikujua.

Kuna jambo la sura pia, hatujaligusa. Ukisoma kitabu kirefu unaishi na mtu miezi, una sura yake. Alafu wanakuletea muigizaji mwingine kabisa. Hapo hata hoja huna, ni kama kukuta mgeni amevaa nguo za ndugu yako. Anne Rice mwenyewe, aliyeandika Interview with the Vampire, alimpinga hadharani Tom Cruise kuigiza Lestat, yule vampaya wa kitabu chake. Akaonyeshwa muvi kabla haijatoka 1994, akageuka, akalipia tangazo kwa pesa yake kumsifu. Mwenye kitabu! Kama yeye sura ya kichwani ilimdanganya sisi wengine ni nani. Kwa hiyo malalamiko ya sura mimi huyaweka pembeni mpaka nimemwona mtu akiongea na kutembea.

Msomaji_Mkesha
Hiyo ya sura nimewahi kuisikia kwangu pia, kuna jina limetajwa kwa yule msimulizi muongo na roho ikakataa palepale bila sababu. Naiweka pembeni kama dada anavyosema.

Sasa kwa kitabu changu. Kwa maneno yenu jibu la kitabu ni kwamba ulimwamini mtu kwa sababu anaongea vizuri. Wakimwonyesha anadanganya tangu mwanzo kitabu kimekufa hata kama kila tukio limo. Na wakikata wale wasimulizi wawili wengine wakamwacha huyo peke yake, naweza kusamehe, japo nitaumia maana mmoja wao ndo nampenda. Fundi hilo linawezekana kwenye picha? Maana kamera ikionyesha kitu mtazamaji anaamini kimetokea.

Fundi_Skripti
Linawezekana. Unaonyesha anachosimulia kama kilivyosimuliwa, alafu baadaye unaonyesha tena tukio lilelile kutoka mahali pengine. Rashomon ya 1950 imejengwa juu ya hilo, watu wanne tukio moja, na kila toleo kamera imelionyesha kama kweli. Tena imetoka kwenye hadithi fupi, sio riwaya, ndo maana ilipata nafasi ya kurudia. Wewe una kurasa 800, kurudia kunakula dakika, kwa hiyo wasimulizi wako wawili mmoja ataondoka, jiandae kisaikolojia. Akibaki mmoja wa kumpinga muongo inatosha.

Kitu cha kuangalia kwenye habari zao kwa sasa sio trela. Angalia kama ni muvi moja inayoishia pale kitabu kinapoishia, au wanasema "ya kwanza". Kama ni ya kwanza uliza ya pili imeshapitishwa? Dune ya 2021 ilitoka ikiwa nusu ya hadithi na ya pili haijaruhusiwa, ikaruhusiwa siku chache baada ya kufanya vizuri. Hiyo ilikuwa bahati. The Golden Compass 2007 haikuwa na bahati hiyo. Walishapiga picha za mwisho wa kitabu, ule mwisho mchungu, wakazitoa ili muvi iishe kwa matumaini, wakasema zitaanzia ya pili. Ya pili haikuja. Watu walisubiri mpaka 2019 tamthilia ilipoanza.

MkereketwaWaKurasa
Na angalia mwandishi kama yupo ndani au kauza tu kaondoka.

Mzee_wa_Reli_Nne
Hilo halina dhamana, kijana. Stephen King hakuipenda The Shining ya Kubrick ya 1980, na hajaficha. Mwaka 1997 akaandika mwenyewe toleo la televisheni, sehemu tatu, lifuate kitabu chake kama anavyotaka. Uliza watu kumi leo wanakumbuka lipi.

MkereketwaWaKurasa
Mzee mimi nakumbuka la 1997 na nalipenda

Mzee_wa_Reli_Nne
Basi tisa.

Msomaji_Mkesha
😂😂 Nimeenda kuangalia. Wanasema ni muvi moja, hakuna neno "ya kwanza" popote. Mwandishi ametajwa kama mshauri, sijui ina maana gani kikazi. Skripti wameandika watu wawili, dairekta bado.

Fundi_Skripti
Mshauri maana yake wanampigia simu, kumsikiliza ni juu yao. Tafuta hao wawili waliandika nini kabla ya hapo, na kama kuna walichokitoa kwenye riwaya ndefu kitazame, alafu soma kitabu chake uone walichokiacha. Utajua mkono wao ukoje mapema.

Msomaji_Mkesha
Mmoja ana mbili za namna hiyo. Kitabu kimoja ninacho ndani sijawahi kukimaliza, naanza nacho. Rafiki yangu nimemtumia huu uzi, amesoma mpaka kwa Bombadil akasema Mkereketwa ndo mtu pekee mwenye akili hapa.

MkereketwaWaKurasa
Mlete ajiunge.